Chupa ya Uzi Mweupe

Tabibu Faraj alikufa na kijiko mkononi.

Inspekta Akil alimkuta amelala chali juu ya mkeka, ukumbini kwa Sheikh Yeslam, mtaa wa Kibokoni. Midomo imevimba kama ya mtu aliyegombana na nyuki. Koo limejaa. Macho yanatazama boriti za dari, kama anayezihesabu. Ubavuni mwake chupa ya asali, shingoni imefungwa uzi mweupe. Na kando ya chupa ameketi mwenye nyumba mwenyewe, kanzu safi, kofia imekaa sawa kichwani, anampepea maiti kwa pepeo la ukindu.

"Sabalkheri, Sheikh," Inspekta alisema.

"Allah bilkheri, mwanangu. Sema polepole. Mgeni amelala."

Koplo Ogutu alimtazama mkubwa wake. Ogutu aliletwa Mombasa na reli kutoka pande za Ziwa, na mpaka leo hakuwa amezoea mambo mawili ya mji huu: joto lake, na watu wake kusalimiana kirefu hata mbele ya maiti.

"Huyu mzee anatuchezea, afande?"

"Hachezi. Amesahau. Ndiyo maana tabibu alikuwa hapa."

Sheikh Yeslam zamani alikuwa msomaji wa maulidi. Alisoma yote kwa moyo, bila kitabu, toka mwanzo hadi dua, na arusi iliyokosa sauti yake watu waliuliza kama bibi arusi ametoroka. Kisha usahaulifu ukamwingia. Alianza kwa kusahau beti. Akaja akasahau njia ya msikitini. Mwisho akawa anakula, ananawa, kisha anauliza chakula kitakuja saa ngapi.

Tabibu Faraj alikuwa amerudi kutoka Bara Hindi na fikra moja kichwani: dawa ya kumbukumbu. Alikusanya wazee wa Mji wa Kale, kila mmoja akampa chupa yake akae nayo nyumbani. Asubuhi hupita nyumba kwa nyumba, anawapa kijiko. Kisha humfunulia mgonjwa sinia lenye vitu, kisu, ndimu, tasbihi, ufunguo, analifunika kwa kitambaa, na kumwuliza: umeona nini? Wiki hadi wiki alipima nani amezidi na nani amepungua. Vijana wa barazani walimcheka. Sinia lake waliliita duka lisilouza.

Hakuna anayecheka leo.

Inspekta alikohoa mbele ya pazia la chumba cha ndani. Huko ndiko alikokuwa mke wa Sheikh, Bi Hind.

"Bi Hind, pole kwa mtihani. Nani alikuwa ukumbini alipoanguka?"

"Yeye na mume wangu." Sauti ilikuwa kavu, ya mwanamke wa makamo. "Mimi nilikuwa jikoni. Niliposikia kishindo nikachungulia. Alikuwa ajishika koo."

"Sheikh ameinywa dawa ya leo?"

"Hajainywa. Tabibu huonja yeye kwanza. Kila siku, kwa kila mgonjwa. Asema dawa asiyoweza kuimeza yeye hampi mtu."

"Chupa hukaa wapi?"

"Hapo kwenye rafu ya ukumbini. Kila aingiaye aiona."

"Jana aliingia nani?"

Hakukawia kujibu. "Maalim Shee. Alikuja kumsomea dua mume wangu. Na Ramji dobi, alileta nguo. Bwana Akil, walitaka kumuua mume wangu! Mgonjwa, hata nzi hamfukuzi! Mtu ana roho gani?"

Inspekta alishukuru. Sheikh alimpungia pepeo akitoka.

"Ukirudi, njoo na halwa," alisema.

*

Daktari wa serikali, Mwingereza aliyeiogopa embe kuliko malaria, aliupima mwili na kutoa hukumu kabla chai yake haijapoa. Dawa za kienyeji. Mtu amejiua kwa upuuzi wake mwenyewe. Funga jalada.

"Na hilo ndilo utakalosema mji mzima," alisema Inspekta kwa Ogutu wakiwa juu ya toroli, wasukumaji wawili wakiwakimbiza kwenye reli nyembamba ya Ndia Kuu. "Kwamba Faraj aliuza sumu. Mjane wake atalibeba jina hilo hadi kaburini."

"Labda ni kweli, afande."

 Inspekta alikuwa anaitazama shingo ya Ogutu.

"Inama."

"Nini?"

"Inama, nasema. Ukosi wako."

Ndani ya ukosi wa shati la polisi palikuwa na alama ndogo nyeusi, mistari miwili imepishana. Inspekta aliikwaruza kwa ukucha. Haikutoka. Akatoa mfukoni kijiko cha marehemu alichokifunga kwenye leso. Pale kijiko kilipogusa leso, palibaki doa. Jeusi lile lile.

"Nani alikutia hii?"

"Dobi. Hutia kila nguo alama ya mwenyewe, zisipotee."

"Hutia kwa kitu gani?"

"Kwa kokwa fulani ya kwao. Huitoboa kwa sindano, utomvu wake ukigusa kitambaa basi, hata ukichemsha hautoki. Mimi niliishika siku moja, mkono ukaniwasha wiki nzima. Madobi hujipaka mafuta ya nazi kwanza."

"Baladhuri," Inspekta alisema polepole. "Ndiyo kokwa ya dawa ya Faraj."

"Basi daktari amesema kweli. Amejiua."

"Geuzeni toroli," Inspekta aliwaambia wasukumaji. Walimtazama kwa jicho la watu wanaojua kwamba mpelelezi akipata fikra, jasho ni lao.

*

Hafswa, mjane wa tabibu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza eda. Inspekta alizungumza naye kwa mlangoni, shangazi mmoja ameketi katikati kama mwamuzi wa ngumi.

"Bibi, mumeo alitumia baladhuri?"

"Alitumia. Lakini aliikaanga kwa samli mpaka ukali wote uitoke. Mwenyewe niliipika naye. Mtoto mchanga angeiramba."

"Basi iliyomuua ilikuwa mbichi."

"Isingekuwa mbichi wala mbivu. Ile chupa..." Akamtazama shangazi.

"Ile chupa nini?"

"Niliapa."

"Uliapa kwa mumeo. Mumeo amekufa, na daktari ameandika kwamba ni mjinga aliyejitia sumu. Waona ataipenda amani ya kiapo chako?"

 Shangazi alimgusa bega.

"Chupa zina nyuzi," Hafswa alisema hatimaye. "Uzi mwekundu ni dawa. Uzi mweupe ni asali tupu, asali ya Ukambani, haina kitu ndani. Nusu ya wazee aliwapa dawa, nusu asali, na wote aliwaambia ni dawa. Alitaka kujua ni dawa iponyayo au ni kule kupewa. Sisi wawili tu tulijua. Angejua mgonjwa, kazi yote ingeharibika."

Ogutu alitoa jicho. "Ya Sheikh Yeslam ilikuwa asali tu?"

"Asali tu. Na alikuwa amepata nafuu kuliko wote. Jambo hilo lilimkosesha mume wangu usingizi."

Inspekta alisimama. Kama chupa ilikuwa na asali tu, baladhuri haikuingia kwa mkono wa tabibu. Mtu aliitia. Jalada la daktari lilikuwa limefunguka lenyewe.

*

Maalim Shee hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa barazani kwake, anawaandikia wanafunzi wa chuo chake cha Kurani kombe: aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, zioshwe kwa maji, zinywewe, akili ifunguke. Miaka yote hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kumbukumbu ya Mombasa, mpaka Faraj alipokuja na sinia lake.

"Ulisema mbele ya watu kwamba dawa ya Faraj itamkwama kooni," Inspekta alimwambia.

"Nilisema."

"Imemkwama."

"Mungu amrehemu. Ningejua nina kinywa chenye nguvu hivyo ningeomba nyumba ya ghorofa."

"Ulimwonea wivu?"

"Sana!" Maalim alifuta kalamu. "Wazazi walioleta watoto wao kwangu wakawa wapita mlangoni wanakwenda kwake kuwaombea wazee wao dawa na kunisalimia kwa huruma. Wivu ulinila mpaka usiku nikawa najikuna. Kwani wivu nao mumeuwekea ushuru?"

"Bado. Jana ulikwenda kwa Sheikh."

"Kumsomea. Yule mzee ni rafiki yangu. Hata simkumbushi kwamba ni rafiki yangu, kila siku twafahamiana upya."

"Nyosha mikono."

Alinyosha. Mikono ya manjano kwa zafarani, laini kama ya mtu asiyechota maji. Inspekta aliitazama mbele na nyuma.

"Nakupeleka gerezani Ngomeni, Maalim."

"Kwa mikono misafi?"

"Kwa mikono misafi. Kesho na keshokutwa nitakuja kuitazama tena."

Mji ulifurahi. Mshukiwa ana sababu, ana ulimi, na sasa ana pingu. Kahawani watu walikwisha kumnyonga. Inspekta aliwaacha wamnyonge. Alijua jambo moja ambalo wanyongaji wa kahawani hawakulijua: utomvu wa baladhuri hauna haraka. Leo waushika, wajiona salama. Baada ya siku moja au mbili ngozi yafura, yatoa malengelenge, yachubuka. Madobi wanajua, ndiyo maana hawaushiki bila mafuta. Mtu mwingine hajui mpaka amechelewa.

Siku ya tatu alimtazama Maalim mikono. Misafi. Alimtazama Ramji dobi: ina mafuta, na misafi.

"Ramji, uliwahi kumpa mtu kokwa zako?"

"Nani ataka, bwana? Zinauma." Ramji alifikiri. "Bibi ya Sheikh tu. Mwezi huu. Alisema nyumba yake yataka alama mpya. Nikasema nitie mimi, akakataa, ataka kutia mwenyewe."

"Alama ya zamani ina kasoro gani?"

"Hakuna kasoro! Nzuri, nyota ndogo. Mke wa kwanza alichagua, Bi Nabiha, Mungu amweke. Zamani sana, mimi bado kijana."

Inspekta alimlipa Ramji kwa nguo ambazo hazikuwa zimekwisha kufuliwa, akaenda kununua halwa.

*

"Umekuja na halwa," Sheikh Yeslam alisema, "kama nilivyokuambia."

Inspekta alisita. Mzee alikuwa amekumbuka.

Uani, kwenye kamba, shuka zilikuwa zinakauka. Kila shuka, pembeni, ilikuwa na doa nene jeusi, limepakwa kwa hasira hadi uzi wa kitambaa umeungua. Ukilitazama kwa juani, chini ya doa ungeiona nyota ndogo.

Mtu aliionea wivu hata alama ya dobi.

"Nabiha!" Sheikh aliita kuelekea pazia. "Lete kahawa, mgeni amekuja."

Ndani, chombo kilitua kwa kishindo.  Kisha pazia likafunguka kiasi cha mkono, na mkono ukatoa kikombe.

Ulikuwa umepambwa kwa hina mpya, maua hadi kwenye kiko cha mkono. Kiganjani hina ilishika vizuri. Vidoleni ilikataa. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimevimba, ngozi imechubuka, na maua yalivunjika hapo kama ukuta uliobomoka. Pete haikuwepo. Isingeingia.

Inspekta alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, Bi Hind. Hina ni ya arusi ya nani?"

"Mke hajipambii mumewe?"

"Hujipamba. Lakini katika nyumba ambayo mtu alikufa juzi?"

Mkono ulirudi ndani.

"Ogutu," Inspekta alisema, "mpeleke Sheikh barazani akale halwa yake." Walipotoka, alisogeza kigoda karibu na pazia. "Vidole vyawasha sana?"

"Ni moto wa jiko."

"Moto wa jiko hautoi doa kwenye shuka. Ramji alikupa kokwa ufute nyota ya Nabiha. Uliifuta. Zilibaki ngapi?"

"Zilibaki za kutosha." Sauti ilitoka kabla hajaizuia.

"Uliniambia mwuaji alimtaka Sheikh.  Lakini pia ni wewe uliyeniambia Faraj huonja kabla ya mgonjwa. Ajuaye hayo ajua sumu haimfikii mzee. Wewe mumeo hukumtaka afe."

"Nife mimi kwanza!"

"Basi ulimtaka nani?"

Pazia lilitikisika. Alikuwa amekaa chini.

"Sikumtaka afe hata yeye," Bi Hind alisema. "Nilitaka aungue ulimi. Aungue, aogope, aseme dawa haifai, achukue sinia lake atuondokee. Nilitia matone. Sikujua koo la mtu lina wembamba gani."

"Alikukosea nini?"

Alicheka, cheko fupi lisilo na furaha.

"Bwana Akil, wewe una mke? Je, amewahi kulala kitanda kimoja na mwanamke aliyekufa? Mimi nililala. Tangu niolewe, Nabiha yupo katikati. Nabiha alipika hivi. Nabiha alicheka hivi. Nguo za nyumba zina nyota ya Nabiha. Mume wangu alikuwa hataki kuniudhi, maskini, ilikuwa yamtoka tu. Na maiti huwezi kugombana naye, hazeeki wala hakosei. Kisha ugonjwa ukaja. Siku moja nilimtaja Nabiha makusudi, nimjaribu. Akaniuliza: ni nani huyo?"

Alivuta pumzi.

"Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha. Mungu anisamehe. Jina langu pia alilisahau, aliniita 'ewe'. Nikaridhika. Tulikuwa sawa, mimi na Nabiha, na mimi ndiye niliyekuwa hai. Niliishi vizuri na ule usahaulifu kuliko nilivyoishi na akili zake. Ndipo Faraj akaja na chupa. Asubuhi moja mume wangu akaonja kahawa, akanitazama usoni, macho yamemwangaza kama zamani, akasema: 'Nabiha, leo umezidisha iliki.'"

Inspekta alikitazama kikombe chake.

"Jina langu halikurudi, Bwana Akil. Lake lilirudi. Dawa ilikwenda kaburini ikamtoa, ikamleta mezani pangu."

Inspekta angeweza kunyamaza. Alikuwa na ungamo na malengelenge na shuka, kesi imetimia. Lakini Maalim Shee alikuwa Ngomeni kwa ajili ya chupa ile, na Hafswa alikuwa kwenye eda kwa ajili yake, na Bi Hind naye alistahili kujua chupa aliyoulia ilikuwa na nini.

"Haikuwa dawa," alisema. "Uzi mweupe ni asali tupu. Faraj aliwapa wengine asali ili apime. Hamkunywa kitu katika nyumba hii ila asali."

Pazia lilitulia kabisa.

"Mwongo."

"Muulize Hafswa. Ukithubutu."

"Basi nani aliyemrudisha?"

Kila jibu ambalo Inspekta angempa lilikuwa kisu. Alijua Bi Hind analo tayari. Hakuna aliyemrudisha. Mzee alimkumbuka mwenyewe.

Bi Hind alitoka akiwa amejitanda mpaka machoni. Barazani, Sheikh Yeslam aliinua uso wenye halwa na kumsalimia kwa adabu kama amsalimiavyo mke wa mtu. Bi Hind alipita bila kusimama. Ogutu alimfungulia njia.

*

Maalim Shee alitoka gerezani na mbu wa kutosha mwilini, akaenda moja kwa moja kumzuru marehemu. Alikaa kaburini muda mrefu. Mtu mmoja alimsikia akilalamika kwamba sasa hana wa kushindana naye. Daktari wa serikali alibadilisha alichoandika, kwa hati ndogo sana. Mahakama ilimhukumu Bi Hind kifungo kirefu badala ya kamba, kwa kuwa hakukusudia kuua.

Mvua zilipokwisha, Inspekta alipita Kibokoni. Mpwa wa Sheikh, binti aitwaye Tumu, ndiye aliyehamia kumtunza. Alikuwa mlangoni, uso umechoka.

Ndani, mzee alikuwa anaita.

"Hind! Ewe Hind! Kahawa gani hii? Hind!"

"Ndivyo siku nzima," Tumu alisema. "Jina langu hata halijui. Nikimwambia hayupo, aenda kumtafuta uani."

"Na Nabiha?"

"Ndiye nani? Sijamsikia akimtaja."

Inspekta alisimama kidogo. Yule mzee siku zote alimwita asiyekuwepo.

Hakupanga kwenda Ngomeni. Miguu ilimpeleka. Bi Hind aliletwa mpaka kwenye vyuma, mkono wa kulia una makovu meupe vidoleni. Inspekta alimweleza yote: Hind asubuhi, Hind mchana, Hind uani kwenye kamba ya nguo.

Bi Hind alisikiliza hadi mwisho. Midomo ilimtetemeka, na Inspekta akageuza uso ampe nafasi ya kulia.

"Nani humpikia kahawa?" aliuliza Bi Hind.

"Tumu. Mpwa wake."

"Kijana?"

"Kijana."

"Mzuri?"

"Bi Hind, ni mpwa wake."

"Nimekuuliza, ni mzuri?"

Inspekta Akil, aliyewakamata wezi wa bandarini na wapiga visu wa Makadara, alikosa pa kutazama.

"Si mbaya."

Bi Hind alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiitarajia. Kisha akasogea karibu na vyuma.

"Aweza kuzidisha iliki. Wasichana wa siku hizi hawana mkono wa kupima." Akafikiri. "Usimwambie. Mwache azidishe."